Iskandar Makduni: mfalme aliyekufa siku chache kabla ya kuja kwetu

Wiki tatu zilizopita mwanangu wa miaka kumi na miwili alirudi shule na karatasi mkononi. Kila mtoto darasani kapewa mtu mmoja wa zamani: atafute habari zake, achore ramani, kisha asimame mbele ya wenzake azungumze dakika tano. Yeye kaangukiwa na Alexander, yule ambaye vitabu vya huku humwita Mkuu. Sisi tuliokulia Maskati tumemzoea kwa jina la Iskandar Makduni.

Tunaishi Whitehall, mji mdogo wa jimbo la Ohio uliozungukwa karibu pande zote na jiji la Columbus. Majirani wetu ni Wasomali, Wakongo, watu wa Mexico, na Wamarekani wenyewe. Jioni ile ile kijana akampigia simu bibi yake, mama yangu, aliyeko Maskati. Bibi akafurahi mno, akamwambia huyo ndiye Dhulkarnaini, na amwambie mwalimu hivyo. Kijana akajibu kwa adabu kwamba kitabu cha shule kinasema mtu huyo aliabudu masanamu. Pakawa kimya. Halafu wote wawili, mmoja kwenye simu na mmoja sebuleni, wakanisubiri mimi niseme.

Nikasema hebu ngojeni nisome kwanza. Basi nimesoma, na haya ndiyo niliyoyakuta. Nayaandika hapa kwa sababu najua watoto wetu wengi, wawe Sohar, Dubai au Doha, wataletewa mtu huyu huyu darasani, na sisi wazazi mara nyingi tunakiachia kitabu kiseme peke yake.

Alizaliwa mwaka 356 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (tangu hapa nitaandika KK), katika mji wa Pella, ufalme wa Makedonia, kaskazini ya Ugiriki. Baba yake ni mfalme Philip wa Pili, mama yake Olympias, binti wa mfalme wa Epirus. Wasomi wa Athens waliwadharau Wamakedonia, wakiwaona watu wa bara wasiojua ustaarabu. Mpaka leo ugomvi huo haujesha. Hapa Columbus wapo Wagiriki wengi na Wamakedonia wengi, kila jamaa na kanisa lao, na ukitaka kahawa ipoe mezani waulize Iskandar ni wa nani. Nchi zao mbili ziligombania jina miaka na miaka, zikaafikiana mwaka 2018, na mwaka uliofuata moja ikaanza kuitwa Makedonia ya Kaskazini.

Kisa cha utotoni kinachopendwa zaidi ni cha farasi. Philip aliletewa farasi mzuri aitwaye Bucephalus ambaye hakuna aliyeweza kumpanda. Kijana, naye bado mdogo, akagundua kwamba mnyama anaogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza alikabili jua, kivuli kikabaki nyuma, akampanda. Mwanangu alikipenda kisa hiki kuliko vita vyote. Na kwa kweli kinaonyesha jambo moja: alikuwa na jicho la kuona haraka kile ambacho wengine hawakioni.

Alipofika miaka 13 baba yake alimtafutia mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni Aristotle, yule ambaye wanazuoni wa Kiislamu walimwita Aristu na kumhesabu mwalimu wa kwanza wa falsafa. Alimfundisha mashairi, tiba, mimea, siasa. Akiwa na miaka 16 baba alimwachia muhuri wa ufalme wakati yeye yuko vitani. Akiwa na miaka 18 aliongoza wapanda farasi huko Chaeronea, mwaka 338 KK, pale Makedonia ilipozishinda Athens na Thebes.

Hapa tumpe Philip haki yake, maana vitabu vingi vinampita mbio. Jeshi lile hakulijenga Iskandar. Ni Philip aliyewafanya wakulima na wachungaji kuwa askari wa kudumu, akawapa mikuki mirefu ya mita tano hadi sita, akawafundisha kutembea safu moja kama ukuta. Mwaka 336 KK, kwenye harusi ya binti yake, mlinzi wake mwenyewe alimchoma kisu akafa. Nani alimtuma, watu wanabishana hadi leo. Kijana wa miaka 20 akarithi jeshi lililo tayari na mpango wa kuivamia Uajemi ulio tayari. Kurithi vizuri nako ni bahati.

Mwaka uliofuata watu wa Thebes waliasi, wakidhani mfalme mpya kafa vitani. Alifika kwa siku chache tu, akauteka mji na kuubomoa wote, ila mahekalu na nyumba ya mshairi Pindar. Waandishi wa kale wanasema waliouawa ni 6,000 na waliouzwa utumwani ni 30,000. Nilipofika hapo mwanangu aliuliza kwa nini nyumba ya mshairi iliachwa lakini watoto wa mji wakauzwa. Sikuwa na jibu.

Mwaka 334 KK alivuka mlango wa bahari kuingia Asia na watu karibu elfu arubaini. Kwenye mto Granicus alikaribia kufa, Mwajemi kamwinulia panga kwa nyuma, na ofisa wake mmoja, Cleitus, akamkata mkono yule Mwajemi. Mlikumbuke jina la Cleitus, litarudi. Mwaka 333, huko Issus, alimkabili mfalme wa Uajemi, Dario wa Tatu, mwenyewe kwa mwenyewe. Dario akakimbia, akawaacha nyuma mama yake, mke wake na watoto wake. Iskandar aliwaweka kwa heshima, na hilo hata maadui walilisifu. Mama yake Dario alimpenda kiasi kwamba, inasimuliwa, aliposikia kafa alikataa kula mpaka naye akafariki.

Sasa tuje Tiro, iliyoko Lebanon ya leo. Mji ulikuwa kisiwani, na watu wake walimkatalia asiingie hekaluni mwao kutoa sadaka. Akauzingira miezi saba. Akajenga njia ya mawe na magogo kutoka bara mpaka kisiwani, na mchanga uliokusanyika baadaye ukaigeuza Tiro kuwa rasi; mpaka leo si kisiwa tena. Kazi ya uhandisi ya kushangaza, kitabu cha shule kina picha yake nzuri. Ambacho picha haionyeshi ni kwamba mji ulipoanguka mwaka 332 KK, maelfu waliuawa, na wengine 30,000 wakauzwa. Ghaza nayo ilikataa, ikazingirwa miezi miwili. Wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa.

Nilimsomea mama haya kwa simu. Yeye ni mtu aliyetoka Unguja msichana mdogo mwaka 1964, na kuna mambo hapendi kuyasikia kuhusu mji unapoingiliwa. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza bei ya mtu mmoja ilikuwa kiasi gani. Nami nikasema moyoni, sisi watu wa pwani tusijitie usafi katika hili. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu. Wala sijalificha jambo hilo kwa mwanangu. Ukimhukumu Iskandar kwa wale elfu thelathini, mizani ile ile uilete na nyumbani.

Misri ilimpokea bila vita. Huko alipanga mji kati ya ziwa na bahari, Iskandaria, ambao bado upo na jina lake. Inasimuliwa kwamba chokaa ilikosekana wakachora mitaa kwa unga, na ndege wakaja wakaula. Kisha akasafiri jangwani hadi hekalu la Amun katika nyasi za Siwa, akatoka na imani, au walau madai, kwamba yeye ni mwana wa mungu. Amun alichorwa na pembe za kondoo dume, na baada ya kufa Iskandar mmoja wa majemadari wake alitoa sarafu zenye sura yake na pembe hizo kichwani.

Ndiyo maana watu wengi, na baadhi ya wafasiri wa zamani, walimwona kuwa ndiye mwenye pembe mbili. Lakini wanazuoni hawakukubaliana. Ibn Kathir alisisitiza kwamba ni watu wawili tofauti, mmoja mja mwema na mwingine Mmakedonia mshirikina, mwanafunzi wa Aristu. Wengine wa zama zetu wakamtaja Koreshi wa Uajemi. Mimi si mtu wa tafsiri, wala sitaki kumvunja mama yangu moyo. Nilimweleza tu kwamba huyu anayesomwa Whitehall alitaka watu wamsujudie yeye. Mama akasema basi atakuwa mwingine.

Tarehe 1 Oktoba 331 KK, huko Gaugamela, kaskazini ya Iraki ya leo, alimshinda Dario mara ya mwisho. Babeli ikafungua milango. Susa ikafuata. Mwaka 330 Persepolis, fahari ya Waajemi, ikateketezwa moto, wengine wanasema kwa kisasi, wengine kwa ulevi wa usiku mmoja. Dario aliuawa na watu wake mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuchacha. Alimuua Parmenion, jemadari mzee aliyemtumikia baba yake, baada ya mwana wa mzee huyo kushtakiwa kwa njama. Alivaa mavazi ya Kiajemi na kutaka wakubwa wainame mbele yake. Mwaka 328 KK, kwenye karamu huko Samarkand, Cleitus, yule yule wa Granicus, alilewa akamsuta mbele za watu kwamba anajipa sifa za askari wa baba yake. Iskandar, naye kalewa, akanyakua mkuki akamchoma. Alijifungia siku tatu hali wala hanywi, akilia. Mimi ninaamini kilio kile kilikuwa cha kweli. Lakini hakikumrudisha Cleitus.

Alioa Roxana, binti wa huko Asia ya Kati. Akaingia India, akamshinda mfalme Porus na ndovu wake mwaka 326 KK. Alipotaka kusonga mbele zaidi, kwenye mto Beas, askari waligoma. Walikuwa wamechoka, wana miaka minane njiani. Alinuna hemani, hawakubadilika. Akageuka.

Kuanzia hapa ndipo habari inapotugusa sisi, nami ninaona ajabu kwamba kitabu cha mtoto kinapafupisha kwa mistari miwili. Kwa kurudi, Iskandar aliligawa jeshi. Yeye alichukua njia ya nchi kavu kupitia Makran, ile pwani ya Baluchistan ambako Gwadar ilikuwa mali ya Oman mpaka mwaka 1958, na ambako nusu ya marafiki zangu wa utotoni walikuwa na mababu. Mwaka ulikuwa 325 KK. Jangwa lile likaua watu wake wengi kuliko vita. Usiku mmoja walipiga kambi bondeni penye maji kidogo, mvua ikanyesha milimani, mafuriko yakawabeba wanawake na watoto waliofuatana na jeshi. Inasimuliwa pia kwamba askari walimletea maji machache ndani ya kofia ya chuma, naye akayamwaga mchangani mbele ya wote, kwa kuwa hayakutosha watu wote.

Njia ya bahari alimpa rafiki yake Nearchus. Merikebu zake zilifuata pwani hiyo hiyo, wakikutana na watu wanaoishi kwa samaki peke yake, nyumba zao zimejengwa kwa mifupa ya nyangumi. Siku moja mabaharia wakaona ng'ambo ya maji rasi kubwa inayotokeza baharini. Wenyeji wakawaambia ile ni Arabuni, na kwamba kutoka huko mdalasini na viungo vingine hupelekwa nchi za Mesopotamia. Wagiriki waliiita Maketa. Ni Musandam yetu. Mmoja wa wakubwa wa safari alitaka wakate kwenda huko. Nearchus akakataa, akasema katumwa kuchunguza pwani anayoifuata. Hivyo waliitazama Oman kwa mbali wakapita.

Walipofika karibu na Hormuz waliteremka, wakakuta Mgiriki aliyewaambia mfalme yuko mwendo wa siku tano tu. Nearchus alipofikishwa mbele yake alikuwa kakonda, nywele ndefu, chumvi mwili mzima, hata Iskandar hakumtambua. Alipomtambua alilia, akidhani merikebu zote zimezama na huyu ndiye aliyesalia.

Mwaka 324 KK, huko Susa, aliwaozesha wakubwa wake wapatao themanini kwa mabinti wa Kiajemi siku moja, naye akamwoa binti wa Dario. Ndoa nyingi zilivunjika baada ya kifo chake. Mwaka huo huo alikufa Hephaestion, rafiki wa roho yake, na tangu hapo hakuwa mtu yule yule.

Mwaka 323 aliingia Babeli na mpango mmoja kichwani: Arabuni. Alichimba bandari ya kutosha merikebu elfu. Meli za Wafoinike zilivunjwa vipande vipande, zikabebwa nchi kavu mpaka mto Furati, zikaungwa upya. Alituma wapelelezi watatu mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alifika Bahrain, ambayo Wagiriki waliiita Tylos. Wengine wakaenda mbele zaidi, na wa mwisho akarudi na habari kwamba nchi ile ni kubwa mno, karibu sawa na India. Kisingizio cha vita ni kwamba Waarabu peke yao hawakumpelekea wajumbe. Sababu yenyewe ilikuwa ubani, viungo na bandari. Na waandishi wake wanaongeza kwamba alisikia Waarabu wa wakati huo wanaabudu miungu wawili tu, akataka awe wa tatu.

Tarehe ya kuondoka ikapangwa. Siku chache kabla yake, baada ya karamu ya usiku, homa ikamshika. Kila siku akiitisha makamanda kuzungumzia safari, kila siku homa ikizidi. Mwishowe akapoteza sauti. Askari wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya kitanda, naye akiwasalimu kwa macho. Alikufa Juni 323 KK, hajatimiza miaka 33. Malaria, homa ya matumbo, sumu, pombe: kila daktari ana lake. Arabuni ikasalimika.

Hakuacha mrithi aliyekubalika. Majemadari wakagawana nchi kama watu wagawanao mirathi bila kadhi: Ptolemy akachukua Misri, na maiti ya mfalme vilevile, Seleucus akachukua Mesopotamia na Uajemi. Mama yake aliuawa. Roxana na mwanawe, aliyezaliwa baba keshakufa, nao wakauawa. Kaburi lake la Iskandaria limepotea hata mahali pake hapajulikani.

Sasa kijana akaniuliza swali ambalo kwangu ndilo lenye maana: ikiwa hakufika, sisi inatuhusu nini? Nikamwonyesha. Kisiwa cha Failaka, Kuwait, kiliitwa Ikaros kwa amri yake, na wachimbuaji wamekuta huko ngome na hekalu la Kigiriki. Mleiha, Sharjah, zimefukuliwa sarafu za fedha zilizoiga sarafu zake, mamia ndani ya mtungi mmoja. Waarabu walizipiga wenyewe, kwa biashara yao wenyewe, bila ya kutekwa na mtu. Karne tatu na zaidi baada yake, mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina aliandika kwa Kigiriki kitabu cha bandari za Bahari ya Hindi. Ndani yake mna pwani ya ubani ya Dhofar, na pia pwani yetu ya Afrika Mashariki aliyoiita Azania, yenye mji wa Rhapta na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba kama mitepe. Anasema manahodha wa Kiarabu walikuwa wakienda huko, wakioa huko, wakijua lugha ya wenyeji. Miaka elfu mbili, na ni habari ya nyumba yetu hasa.

Halafu kuna maneno. Baghdad ilipotafsiri vitabu vya Wagiriki, maneno yao yakaingia Kiarabu, na mengine yalikuwa yameshaingia kabla kwa njia ya soko. Kutoka huko yakaja kwetu. Kalamu, kwa Kigiriki ni tete la kuandikia. Kanuni ni ya kwao. Falsafa ni ya kwao. Almasi pia. Na dirhamu, ambayo ndugu zetu wa Dubai wanaihesabu kila mwisho wa mwezi, ni drakhma yao, iliyokuwa sarafu ya Iskandar mwenyewe.

Jumamosi moja tulishika barabara ya Broad, inayotoka kwetu Whitehall moja kwa moja mpaka katikati ya Columbus, nikampeleka kuona jengo la serikali ya jimbo la Ohio. Lilimalizika mwaka 1861, na nguzo zake nene za mbele zimeigwa kutoka mahekalu ya Ugiriki. Hata mji wa chuo kikuu kusini mashariki yetu unaitwa Athens, na tarafa iliyo jirani yake inaitwa Alexander. Kijana alizihesabu nguzo, akapiga picha, akaniambia huku nako Iskandar hakufika.

Ramani aliichora mwenyewe usiku wa Jumatano kwa kalamu nyekundu, kutoka Pella hadi mto Beas na kurudi Babeli. Bibi yake aliitazama kwa simu, akamwambia amesahau kuweka Maskati. Akaiweka. Kisha kutoka Babeli kushuka Ghuba yote mpaka Musandam akatia nukta nukta kwa penseli, akaandika pembeni kwamba safari hii haikusafiriwa.

Ijumaa alizungumza dakika saba badala ya tano. Mwalimu alimuuliza kama kwa maoni yake jina la Mkuu linamfaa. Kijana akasema kwamba kwa watu wa Tiro anadhani hapana, na akaomba aruhusiwe kumalizia habari ya farasi.